Samaki Waliozaliwa Kapsoit

Kapsoit,
18 Februari 1996

Kwa mwanangu Kipkurui,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa baba yako. Sisi ni wazima, ila goti la baba yako limerudi kumsumbua kwa sababu ya mvua. Wewe huko Voi unakula vizuri? Jua la huko lisikumalize.

Sasa nikwambie ya samaki wako. Wale saba wa mistari ulioniachia ulipohamishwa bado wanaenda pamoja kama watoto wa nasari wakivuka barabara. Niliweka tangi la vioo jikoni wapate joto. Wiki mbili zilizopita yule mwenye tumbo alitaga, saa ya kukamua ng'ombe, kisha akageuka akayala mayai yake mwenyewe, na wenzake wakamsaidia. Nimeona kuku, nimeona nguruwe, lakini hiyo tabia ilinikasirisha. Nilimnyima chakula siku mbili.

Halafu nikafikiri. Nikaokota mawe madogo mtoni, nikayachemsha, nikayapanga chini ili mayai yadondoke katikati na midomo isifike. Alipotaga tena, nikahamisha wakubwa wote kwa beseni. Siku ya tatu vitoto vikaonekana vimening'inia kwenye kioo, vyembamba kama kope. Ninavilisha kiini cha yai la kuchemsha, kidogo tu, kwa ncha ya sindano. Nyanchama, jirani yetu anayechuma chai, ameona yote. Huyo ndiye mama yako, aliyeishia darasa la nne.

Mama yako,
Rodah

*

Voi,
10 Machi 1996

Mama mpendwa,

Salamu zangu zikufikie wewe na Baba. Niko salama, ni joto tu.

Mama, usikasirike. Samaki hao si rahisi kuzalisha nyumbani, tena kwa baridi ya huko. Nilikaa nao miaka miwili na hawakuacha hata kitoto kimoja. Hivyo vinavyoning'inia ni mabuu ya mbu. Mwaga hayo maji kabla mtu hajashikwa na malaria. Niliwasomea walimu wenzangu barua yako, wakacheka sana. Wanakusalimu.

Mwanao,
Kipkurui

*

Kapsoit,
29 Septemba 1996

Kwa Kipkurui,

Ninakusalimu kwa sababu ni desturi. Tuko wazima. Ng'ombe imezaa.

Nimenyamaza miezi sita nikingoja mabuu yako ya mbu yaruke. Hayakuruka. Yameota mistari. Wako thelathini na mmoja, na mmoja akigeuka, wote wanageuka.

Niliwapeleka sho ya wakulima Kericho. Mimi nilibeba samaki kwa ndoo ya maziwa, Nyanchama akabeba tangi. Jaji mmoja mwenye tai akawaweka kwa meza ya mapambo, katikati ya vitambaa vya kushona na maua ya plastiki. Nikamwambia hawa ni mifugo, nimewazalisha mwenyewe. Akaniuliza nimewanunua duka gani Nairobi. Nyanchama akasema ameona kwa macho yake, akaambiwa jirani si shahidi. Na hapo kando Ondieki anavalishwa riboni ya mifugo kwa sungura alionunua mwezi wa saba, na aliyemuuzia namjua.

Mimi wakanipa namba wani ya mapambo, na thamosi nyekundu ya chai. Niliiacha hapo mezani.

Mwenyekiti alinifuata langoni. Alisema nikimletea kabla ya Krismasi barua ya mtu aliyesoma, anayejua hao samaki, atabadilisha kitabu niandikwe mfugaji. Basi wewe ni mwalimu wa sayansi, na wale saba walikuwa wako. Andika.

Mama yako,
Rodah

*

Voi,
20 Oktoba 1996

Mama mpendwa,

Natumaini mko wazima, na ndama pia. Pole kwa mambo ya sho.

Lakini Mama, barua yenye jina langu na kazi yangu ni kitu kizito. Mimi sikuwepo. Siwezi kuandika kwamba najua jambo ambalo sikuliona. Pengine Nyanchama alikutafutia wengine akawaongeza humo ili ufurahi. Mbona usirudi tu uchukue ile thamosi? Baba angeifurahia shambani.

Mwanao,
Kipkurui

*

Kapsoit,
3 Novemba 1996

Kipkurui,

Salamu zako zimebaki hapa nyumbani, ukija utazikuta.

Nyanchama anatoka kwenye majani chai saa kumi na moja mgongo umekufa, halafu eti aende Nairobi kunitafutia samaki. Nilimsomea hayo maneno yako. Alicheka, lakini siku hiyo alienda kwake mapema.

Unasema hukuona. Sawa. Mimi nilikuzaa nyumbani kwa nyanya yako, mwezi wa Julai, mvua ya mawe ikipiga chai nje. Wewe uliona? Baba yako mwenyewe alikuwa kazini Bomet, alikukuta una siku nne. Na kila fomu uliyojaza tangu uanze shule, mahali pa jina la mama umeandika Rodah. Hujawahi kuniambia nilete barua ya mtu aliyesoma.

Kama hutaki kuandika, wacha. Lakini usiniandikie tena habari ya thamosi.

Rodah

*

Voi,
1 Desemba 1996

Mama,

Natumaini barua hii itawakuta wazima. Mimi mwili uko sawa, lakini barua yako nimetembea nayo mfukoni wiki tatu.

Nimeandika, iko hapa ndani. Soma kwanza. Kama haifai, nirudishie nitaandika nyingine. Mwambie Nyanchama nitafika kwake Krismasi, nimwombe msamaha mwenyewe.

Mwanao,
Kipkurui

Kwa Mwenyekiti wa Sho,

Mimi ni mwalimu wa sayansi. Nilifuga samaki wa aina hii miaka miwili na sikuweza kupata hata kitoto kimoja. Samaki thelathini na mmoja mlioletewa Septemba walizalishwa Kapsoit na Bi. Rodah Chepkemboi, mfugaji.

Sikuwepo walipozaliwa. Aliyeniambia ni yeye mwenyewe, na yeye ni mama yangu mzazi.

Kipkurui, mwalimu