Baba Koleo na Gunzi la Mahindi

Ni mwaka mmoja sasa, Baba, tangu uiweke bisibisi yako ya saa mezani, ukasema unajilaza kidogo, na hukuamka tena.

Bado tunakuona jioni umeshika kamba ya mbwa wa jirani yetu, fundi cherehani, ambaye miguu yake huvimba kwa kukanyaga cherehani kutwa. Mbwa mwenyewe ni Mheshimiwa: jina kubwa, adabu hana, na tumbo lake halichagui.

Wewe uliyesahihisha saa za watu, siku moja ulikosea. Ulitafuna hindi la kuchoma njiani, gunzi ukalitupa kwenye maua ya kando ya barabara. Ulisema litaoza. Kesho yake, ulipokuwa unasalimiana na watu, Mheshimiwa akalimeza. Siku ya tatu hali, hanywi, anatapika povu. Daktari wa mifugo akampasua, akatoa kipande cha gunzi kilichoziba utumbo. Alisema mbwa angecheleweshwa siku moja tu, angezikwa.

Hakuna aliyejua ni gunzi la nani. Mama akakuambia, "Baba watoto, mtaa mzima unakula mahindi. Nyamaza." Ukavaa viatu, ukaenda kugonga mlango.

"Dada, gunzi lile nililitupa mimi."

"Wewe? Niliyekukabidhi mbwa wangu?"

"Mimi."

"Basi nenda. Nisikuone."

Wiki tatu hamkusalimiana. Ulikonda, Baba. Wiki ya nne akaja mwenyewe, kamba mkononi. "Huyu mbwa kagoma kutoka na mimi," akasema, akakuachia, akaondoka bila kukutazama.

Tangu hapo ulitembea na koleo la mkaa la Mama, naye akabaki kugeuza makaa kwa kijiti na kulalamika. Macho yaliyozoea kutafuta skrubu za saa yaliona kila kitu hatua tatu mbele ya mbwa: mifupa ya kuku, vijiti vya nyama, hata zabibu na chokoleti iliyoyeyuka kwenye karatasi yake, ambazo ni sumu kwa mbwa. Wauza viatu wa kando ya barabara wakakupa jina la Baba Koleo.

"Mzee, unaokota nini?"

"Makosa ya wenzangu. Langu aliliokota daktari."

Tukiri, sisi wanao tulikuonea aibu. Tulivuka barabara tukikuona umeinama mtaroni. Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Wewe ulijivua mwenyewe, na hakuna aliyekulazimisha. Tunajivunia kuitwa watoto wako.

Unakumbukwa na mkeo, wanao wanne, wakwe zako, wajukuu saba na mdogo wako wa mwisho, shangazi yetu. Hututoki moyoni, Baba, leo wala kesho.

Tulikuwa tumeshaandika majina yote fundi cherehani alipobisha hodi. Akasoma karatasi hii, akauliza mbona yeye hayumo. Tukamwuliza tumwandike nani, jirani au rafiki?

"Andikeni dada yake," akasema. "Aliniita hivyo siku aliyokuja kusema kweli."

Na dada yako, Baba, pamoja na Mheshimiwa.