Jina Langu Kwenye Leseni

4 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na kwamba baridi ya huko imepunguza makali. Sisi hatujambo. Mama goti bado linamsumbua akipanda ngazi, lakini ulimi hauna ugonjwa wowote, waulize majirani. Mke wangu na watoto wanakusalimu.

Dada, nimekodi ghala nyuma ya karakana ya mbao. Nimechoka kuuza vya wenzangu kwa rejareja, nataka niingize vyakula kutoka nje mwenyewe: nyanya za kopo, mafuta ya kupikia, tambi. Nikaenda ofisi ya leseni za vyakula nikidhani ni fomu moja na muhuri. Thubutu! Wanataka hati za kampuni. Wanataka sakafu ya ghala iwe laini, madirisha yawe na wavu wa kuzuia panya, mizigo ikae juu ya chaga isiguse chini. Yote nimefanya, viganja vimejaa malengelenge. Na ukishapata leseni, kila shehena ina kibali chake na sampuli zake za maabara. Hilo nalo nimelimeza. Kilichonikaba ni kipengele kimoja: lazima niwe na mtaalamu wa chakula mwenye cheti, anayeishi hapa nchini na kufanya kazi ghalani kwangu.

Afisa leseni, mama mmoja wa miwani, akaniuliza, "Mtaalamu wako yuko wapi?"

"Yupo."

"Yupo wapi?"

"Yupo tu, mama."

Akafunga faili, akamwita aliyekuwa nyuma yangu.

Cheti chako kinaning'inia sebuleni kwa mama juu ya televisheni, jua limeanza kukipausha. Niandikie barua moja tu, kwamba nimekuajiri na unafanya kazi hapa, utie saini. Mama anasema hili si jambo la ndugu kubembelezana.

Mdogo wako,
Kitindamimba


26 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima, mgongo tu. Nyumba hii ya wazee ina vitanda arobaini, na kila aliyelala humo anahitaji kugeuzwa, kuogeshwa, kukaushwa. Hongera kwa ghala. Mpe pole mama, mwambie goti alikande kwa maji ya moto, asisikilize ya majirani.

Barua yako imenikuta vibaya. Juzi nilipita jikoni nikanusa maziwa, nikamwambia mpishi haya yameharibika, msiwape wazee. Akanitazama tangu viatu mpaka kichwani. "Kazi yako wewe ni kuogesha," akasema. Miaka minne nimesomea chakula, miaka sita nimefanya kazi maabara, na hapa nimeambiwa nianze tena darasa la kwanza ndipo wanitambue.

Kwa hiyo kama cheti changu kimepata kazi kabla yangu, kifanye. Barua nimetia saini, imo ndani ya bahasha hii. Lakini nisikilize. Naishi ng'ambo, wewe unajua na mimi najua, kwa hiyo barua hii ni uongo na nimeuandika kwa mkono wangu. Usiufanye ukue. Kila jibu la maabara nitumie nakala nilisome mimi. Na usiguse maziwa ya watoto wachanga. Chochote kingine, si maziwa ya watoto.

Wabusu watoto.

Dada yako


17 Mei

Dada yangu wa pekee,

Shikamoo tena na tena! U mzima? Mgongo unaendeleaje? Huku ni furaha tupu. Leseni imetoka! Nimeitundika mlangoni mwa ghala, na jina lako wameliandika kwa herufi kubwa kuliko langu. Mama alikuja kuiona, akalisoma jina lako kwa sauti mara tatu, wapakiaji wakadhani ni sala.

Sasa kaa chini ucheke. Wiki iliyopita afisa wa miwani alikuja bila taarifa. "Namtaka mtaalamu." Mke wangu alikuwa ameniletea chakula. Nikamvuta nyuma ya makatoni, nikamvisha koti jeupe, akatoka akiwa wewe. Afisa akamuuliza, "Unyevu wa humu ndani ni kiasi gani?" Mke wangu, bila kupepesa, "Kiasi cha kutosha." Dada, yule mama aliandika! Aliandika "kiasi cha kutosha" kwenye daftari lake na kuondoka. Tumecheka mpaka mbavu zikauma.

Nyanya zimekwisha zote, mafuta yamebaki kidogo. Karatasi za maabara nitakutumia nikitulia.

Mdogo wako,
Kitindamimba


9 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimefurahi mko salama. Sikucheka.

Hilo koti ni mzaha kwenu, lakini mtu akiulizwa unyevu wa ghala anaulizwa kama chakula kitaota ukungu. Swali la yule mama lilikuwa swali zuri. Ningekuwepo ningemjibu, na nina hakika angeniuliza la pili na la tatu, na ningezikumbuka siku zangu za maabara.

Karatasi ziko wapi? Sikuomba zawadi, niliweka sharti. Tuma.

Dada yako


30 Agosti

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Sisi tupo, mama anakula na kulala vizuri. Usinikasirikie kwa ukimya, nimekuwa mbio.

Nitakwambia ukweli kwa sababu wewe ni dada yangu. Nilileta maziwa ya watoto. Najua ulisema nini. Lakini nyanya kila mtu analeta; maziwa ya watoto maduka yalikuwa yananililia. Niliyapata kwa mtu anayefunga ghala lake, yamebakiza miezi mitatu na nusu kabla ya tarehe ya mwisho, yanatosha kuuzika. Kisha kibali kikakwama. Afisa mmoja likizo, mwingine anasema sampuli zimepotea, lete nyingine. Kontena limekaa bandarini wiki tisa juani. Limetoka juzi. Imebaki mwezi mmoja na siku kadhaa, na hakuna duka linalopokea kitu cha mwezi mmoja.

Kuna njia. Mtaalamu wa kampuni anaweza kuandika kwamba ameyapima na yanafaa kwa miezi sita zaidi, tukabandika lebo mpya. Tarehe ni wino tu, dada. Maziwa hayajui kalenda. Barua nimeshaichapa, imo humu, wewe tia saini na kuirudisha upesi. Kila nilichonacho kimo ndani ya makopo hayo.

Mdogo wako anayekutegemea,
Kitindamimba


12 Septemba

Mdogo wangu,

Sijambo. Hapana.

Nakueleza mara moja, taratibu, ili usije ukasema hukuelewa. Ndani ya kontena la chuma lililopigwa jua wiki tisa, mafuta ya maziwa yanachacha na virutubisho vinakufa. Kopo likipata kutu au tundu dogo kama ncha ya sindano, unyevu unaingia, na vijidudu navyo. Mtu mzima ataharisha siku mbili apone. Mtoto wa miezi mitatu hana akiba ya kuharisha siku mbili. Mwenye kuyapima ni maabara, na mimi niko huku naogesha wazee, sijaliona hata kopo moja.

Yateketeze. Mwite yule mama wa miwani ashuhudie, yeye anajua utaratibu. Najua ni pigo, nitakusaidia kadiri nitakavyoweza kuanza upya. Nimeichana barua uliyonichapia.

Niandikie neno moja tu: nimeyateketeza.

Dada yako


2 Novemba

Mdogo wangu,

Wiki saba. Simu hupokei, mke wako anapokea na kusema umetoka. Jana mama aliniambia biashara yako inakwenda vizuri, nimshukuru Mungu, maziwa yote yameondoka. Nikamuuliza, "Yameondoka kwenda wapi, mama?" Akasema, "Madukani, yangekwenda wapi?"

Nijibu. Hata salamu usiandike.

Dada yako


21 Novemba

Dada,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi, natumaini wewe angalau u mzima.

Niliyauza. Makopo mazuri tuliyabandika lebo mpya. Yenye kutu tuliyafungua, tukayahamishia maziwa kwenye mifuko. Saini yako niliinakili kutoka barua ile ya Februari, haikuwa kazi ngumu, wewe unaandika wazi kama mwalimu.

Watoto kumi na mmoja walilazwa. Kumi wamerudi nyumbani. Wa fundi cherehani, mtaa wa pili kutoka kwa mama, hakurudi. Alikuwa wa kike, wa miezi saba. Mama alikwenda mazishini, akakaa nyuma.

Ghala limefungwa kwa mnyororo. Wamechukua mafaili. Kila karatasi inasema mtaalamu alipima na kuidhinisha, na mtaalamu ni wewe. Waliponiuliza yuko wapi nikasema aliacha kazi mwezi wa tisa, akaondoka nchini. Usinifikirie vibaya. Mimi nina watoto watatu na mama wa kuangalia. Wewe uko mbali, hakuna atakayekuja kukugongea mlango. Nimezungumza na mama, naye anaona hivyo hivyo: wewe huna cha kupoteza huku. Nyamaza tu. Usije, na usiiandikie ofisi.

Mdogo wako


5 Desemba

Mdogo wangu,

Nilikulea mgongoni mama alipokuwa akienda kazini, kwa hiyo nakuambia mwenyewe kabla hujasikia kwa watu. Nimeiandikia ofisi ya leseni. Nimeambatisha kurasa za pasi yangu zenye mihuri, waone kwamba nimetoka miaka mitano sasa na sijarudi hata siku moja. Nimeambatisha nakala za barua zako zote, pamoja na ile ya koti jeupe. Nimeandika pia kwamba saini ya Februari ni yangu kweli, na kwamba nilidanganya.

Mama amenipigia. Nilidhani ananiita nije tulie pamoja. Akaniuliza, "Hivi umesahau ni nani aliyebaki kunitunza?" Kisha akakata.

Eti sina cha kupoteza huko? Ni wewe uliyesema. Nilikuwa na jina.

Dada yako


28 Januari

Dada yangu,

Shikamoo. Heri ya mwaka mpya. Natumaini umeuanza kwa afya njema. Sisi sote hatujambo, mtoto wa kwanza ameota jino la ukubwani kabla ya wakati, tunamtania anazeeka.

Barua yako ilifika ofisini. Sina kinyongo. Waliisoma mpaka pale unapokiri saini ya kwanza, wakaona inatosha. Wamefuta leseni, na wamelifuta jina lako kwenye daftari la wataalamu, moja kwa moja, maisha. Barua zangu wamesema ni nakala tu, yeyote anaweza kuandika. Mimi nimepewa onyo na kuzuiwa kuingiza chakula kwa jina langu.

Kwa hiyo sasa kampuni ni ya mke wangu. Mtaalamu tumempata, mzee mmoja mstaafu, cheti chake kiko sawa na anaishi hapa hapa nchini, ila haoni vizuri. Tunaleta biskuti na tambi tu, usiwe na wasiwasi. Ghala ni lile lile.

Fundi cherehani amefungua kesi, lakini wakili anasema itachoka yenyewe, haina shahidi.

Mama anasema yaliyopita yamepita. Anataka uwe unampigia kama zamani.

Mdogo wako,
Kitindamimba


19 Machi

Mdogo wangu,

Nakuandikia kutoka chumba cha wageni, mitaa mitatu kutoka kwako. Kina kitanda, ndoo, na dirisha linaloangalia ukuta. Nimefika Jumanne. Nilikwenda kwa fundi cherehani moja kwa moja.

Alikuwa anashona sare za shule. Akaniuliza ninataka kushonewa nini. Nikamtajia jina langu. Alilijua, alikuwa amesomewa mara nyingi. Nilitegemea anitukane, au anifukuze kwa mkasi. Alinisukumia kigoda kwa mguu, akaendelea kukanyaga cherehani mpaka akamaliza kola.

Kisha akauliza, "Ulikuwa unajua?"

Nikamwambia nilijua ni maziwa gani, tangu Septemba mwanzoni. Nikamwambia nilikuandikia uyateketeze.

"Ukamwandikia yeye."

"Ndiyo."

"Na nani mwingine?"

Nikasema hakuna mwingine. Nilimsubiri ndugu yangu anijibu.

Akaikunja ile sare, akaiweka juu ya nyingine. Akasema, "Hiyo Oktoba yote mwanangu alikuwa anakunywa."

Makosa yako nimekuambia siku zote, haya ni yangu: ningeweza kuiandikia ofisi siku ile ile niliyokuandikia wewe, na sikuandika, kwa sababu ni wewe.

Jumatatu saa tatu asubuhi kesi yake inasomwa. Nina bahasha zako zenyewe zenye mwandiko wako, na stempu, na mihuri ya posta. Safari hii si nakala. Yeye amenikubali niwe shahidi wake. Hajanisamehe, na sikumwomba. Mwambie mama nipo mjini. Akitaka kuniona aje mahakamani, atanikuta upande wa fundi.

Usimtume mtu kunibembeleza.

Ni mimi dada yako, sina jinsi