Soli ya Jeshi, Mguu wa Mtoto

Kaka Sajini,

Shemeji yako, mke wangu, amekufa. Jumanne asubuhi, kifua kilekile. Jumatano tumemzika. Nilikupigia simu, haipatikani, naona huko kambini kwenu hata mtandao umeenda likizo. Ndiyo naandika.

Sasa nikusalimu. Hujambo? Ule mguu bado unauma? Shemeji na watoto wazima? Mimi mzima. Nakula. Kulala kidogo.

Usilie sana kaka. Nataka ujue huyu mwanamke ameondoka akiwa mtu gani.

Unakumbuka serikali ilipopunguza hela za jeshi, ukaja likizo ukagomba mpaka chai ikapoa. Ukasema nchi imekwisha. Kwetu ilikuwa kama umetabiri. Kiwanda chetu kilishona buti za jeshi tu. Oda ikakatwa, mashine zikanyamaza, nusu ya watu wakaambiwa wakae nyumbani. Mama wa chai pale getini akafunga banda, wa kunywa hayupo. Redioni wakasema hela zinaenda kujenga madarasa. Tukacheka. Nani anakula darasa?

Mke wangu hakucheka. Alimwendea meneja na ile aproni yake yenye gundi, akamwambia hayo madarasa yakijaa watoto, watoto wana miguu. Tushone viatu vya shule. Meneja akamuuliza siku hizi yeye ndiye waziri? Akamjibu waziri hajui kushona.

Mara ya kwanza tuliharibu. Mikono yetu inajua buti, basi. Tukaweka soli ya jeshi, mshono mara tatu, na chuma kisiginoni. Watoto wa mtaani tukawavalisha tuone. Wakatembea kama wako gwarideni. Mmoja alipiga mpira, ukapasuka. Msimamizi wetu, yule tunamwita Kamanda, akasema basi, tufunge tukalale. Mke wangu akachukua kisu, akachonga soli mpaka ikawa nyembamba, akang'oa chuma. Mshono akakataa usiguswe. Alisema mtoto anaruka kuliko askari.

Mshono huo ndio umetuinua. Viatu vya wengine vinaachama mdomo kabla shule hazijafungwa. Vyetu mtoto anamwachia mdogo wake. Waliokaa nyumbani wamerudishwa, na wapya juu. Redio inasema uchumi umekua. Mimi uchumi siujui. Najua mama wa chai amerudi, na banda lake lina bati jipya.

Tulipokuwa tunampeleka kumzika, shule ilikuwa inatoka. Watoto wakasimama kando ya barabara kutupisha. Mimi naangalia chini, sitaki mtu anione uso. Ndiyo nikaona miguu. Mstari mzima, viatu vyake. Nikanyooka kaka. Nikasimama kama wewe mbele ya bendera.

Sasa kuna jambo hujui. Sibebi tena ngozi stoo. Tangu alipolala alinifundisha kushona, yeye kitandani, mimi sakafuni na vipande vibovu. Nikikosea ananirushia mto. Cheka tu, nakujua, utasema ndugu yako amevaa aproni ya mkewe. Nimeivaa. Jumamosi jioni nilimletea kiatu nilichoshona mwenyewe mwanzo mpaka mwisho. Akakikunja, akavuta uzi kwa meno, akakigeuza weee, mimi nimesimama natoka jasho. Akasema hiki kinaweza kutoka getini. Kaka, Kamanda mwenyewe hajawahi kuambiwa hivyo. Baada ya hapo hakuongea tena neno la kueleweka.

Kamanda anataka nipumzike mwezi mzima. Nimemuuliza kiti cha mke wangu atakaa nani, yeye? Na viatu vya muhula ujao vinasubiri. Akanipa ufunguo wa mashine.

Msalimie shemeji, mwambie asihangaike kuja mbio, niko na majirani. Watoto wakanyage karatasi, uchore miguu yao, unitumie. Wako pia uchore, hata huo mbovu.

Ni mimi mdogo wako. Kesho narudi kazini.