Tumbo la Ijumaa

Dada Elinami,

Nimeolewa. Ni miezi mitatu sasa, na bado nikisikia buti za Elisante zikishuka njia ya mgombani moyo unanienda mbio kama wa msichana wa shule. Huyu mwanaume, dada... Kabla sijathubutu kumuomba, yeye ndiye aliyesema, "Anande anakuja na sisi. Mtoto wa dada yako ni mtoto wangu." Siku hiyo nilimpenda upya.

Lakini sikuandikii kwa ajili ya harusi. Nina hasira, na wewe ndiye mama yake, lazima ujue.

Tangu aingie darasa la nne, Anande alikuwa anaumwa tumbo kila Ijumaa asubuhi. Nikampa dawa ya minyoo. Nikampa tena. Nikamshusha hospitali Moshi wakampima malaria, taifodi, mkojo. Hana kitu. Ijumaa iliyofuata akatapika chai yote mlangoni, nami nikamwambia, "Acha uongo, vaa viatu." Nisamehe, dada.

Elisante ndiye aliyeona. Kazi yake ni kuongoza wageni mlimani, na kila jioni kambini huwauliza mmoja mmoja: kichwa kinauma? Tumbo? Umekula? Moja hadi kumi, hali yako ni ngapi? Hakuna anayechekwa kwa jibu lake. Basi Alhamisi moja akamketisha Anande jikoni, akamuuliza vilevile.

"Kumi ni vibaya kabisa. Leo ngapi?"

"Nane."

"Inaanzia wapi?"

"Mikono inakuwa baridi. Halafu tumbo."

Kisha yote yakatoka. Kila Ijumaa mstarini wanasoma matokeo ya majaribio ya wiki. Kumi wa mwisho wanaitwa mbele, wenzao wanawazomea, halafu fimbo. Na hesabu anazijua, dada! Anazifanya kichwani huku akinisaidia kumenya ndizi. Ila akishika karatasi ya jaribio anaiwaza Ijumaa, anaandika hovyo, na kweli anaitwa mbele.

Nilikwenda kwa mwalimu wake. Nilimpa shikamoo yake vizuri, nikaeleza. Akasema, "Mama, huyo anaigiza. Mmeoana juzi, mnatafuta wa kumdekeza."

Mgeni mzima na ndevu zake akitapika kule juu anashikwa mkono, anapewa maji, hata akirudi chini anaambiwa pole. Mtoto wa miaka kumi akitapika kwa hofu anachapwa. Nani alituambia watoto wetu ni wagumu kuliko watu wazima? Nikamwambia, "Hiyo ni hofu, mwalimu, si uvivu, na nyie mnaiongeza kwa fimbo." Akacheka.

Elisante amemfundisha kuvuta hewa kwa pua akihesabu hadi nne, na kuitoa taratibu zaidi ya ilivyoingia. Asome swali moja, mengine ayafunike kwa daftari. Mikono ikipoa ajiambie, "Hii ni ile hofu yangu, itapita." Mtoto akamuuliza, "Baba mdogo, na wewe huwa unaogopa?"

"Kila safari. Ndiyo maana natembea polepole."

Ningeweza kuolewa naye mara ya pili palepale.

Wiki iliyopita alisema tano. Lakini jina lake likasomwa tena. Safari hii nilikuwepo. Nilitoka pembeni ya uwanja na kanga yangu ya shambani, nikasimama mbele katikati ya wale watoto kumi, nikamshika mkono. Mwalimu mkuu akauliza nafanya nini pale.

"Nasubiri fimbo yetu," nikasema.

Akaishusha fimbo, akatuambia turudi mstarini. Siku hiyo hakuna aliyechapwa, si Anande, si wale tisa. Majina hawajaacha kuyasoma. Wazazi wawili waliosikia wamenifuata nyumbani, na Jumatatu tunakwenda ofisini pamoja. Elisante atakuwa mlimani, kwa hiyo nitazungumza mwenyewe, na sitazungumza taratibu.

Pumzika huko kaburini, dada yangu. Nimekukosa sana, hata kwenye harusi nilikuwa nakutafuta kwa macho. Nakuahidi hivi: mpaka waache, kila Ijumaa mwanao akiitwa mbele, hatasimama peke yake.

Mdogo wako,
Upendo