Nyumba ya Mijusi wa Mwaka

Kashikishi,
Nchelenge,
Rodezia ya Kaskazini.
16 Septemba 1956

Mpendwa mudogo wangu Fanwell,

Pokea salamu nyingi za dada yako. Habari ya Elisabethville? Kile kikohozi chako kilipoa? Unakula vizuri, au tangu muke wako Ennie atutoke unalalia chai tu? Sisi tuko. Mume wangu, Bwana Sampa, mugongo unamusumbua, lakini bado anapasua samaki na kuwatia chumvi kila asubuhi. Mimi miguu imevimba kwa joto hili. Ndiyo uzima wetu.

Nakuandikia kwa Kiswahili ili nijizoeze, kwa sababu ndiyo lugha ya binti yako Mwaka. Kibemba chetu bado hakisikii vizuri.

Fanwell, mutoto hasemi. Ulimushusha hapa mwezi wa ine, kesho yake ukapanda mashua kurudi kupitia Kasenga, na tangu siku ile Mwaka hajamujibu mutu neno. Anakula, anaoga, ukimutuma anaenda. Lakini kinywa kimefungwa. Nilimupeleka kwa dokta, akasema koo ni zima. Nimeomba mpaka nimechoka kuomba, Mungu anisamehe. Ana miaka saba tu, na ananyamaza kama mutu muzima aliyekosewa.

Mwezi wa munane nikaona kitu. Jioni taa ikiwashwa, mijusi wa ukutani, wale weupe wenye macho makubwa, wanatoka kukamata wadudu wa ziwa. Mwaka alikuwa anasogea karibu na kuwasemesha. Siwezi kukudanganya kwamba nilisikia maneno, lakini midomo ilikuwa inatembea. Niliingia jikoni nikalia kwa furaha.

Jirani yangu Mubanga akaanza maneno yake: mujusi akianguka katika chungu, nyumba nzima inakufa, waueni wote. Bwana Sampa alicheka kwamba wenzetu wanafuga kuku na sisi tunafuga mijusi, lakini na yeye alianza kuchungulia mboga kabla ya kula. Basi nikaamua kuwajengea nyumba yao, wakae humo, mutoto awaone na watu wapumue.

Nilianza na kikapu cha samaki, wakapita kwenye matundu kabla sijafunga. Ndipo Bwana Sampa akanipa kasha la mbao, moja ya yale ya chumvi. Unajua hapa kwetu kila kitu ni kasha la chumvi: kiti, kabati, hata kitanda cha mutoto muchanga. Nililisuuza mara moja nikalisimamisha wima, kwa sababu mujusi anapenda kupanda. Mbele nikapigilia kipande cha chandarua, chini nikaacha mulango mudogo wa kuingiza wadudu. Ndani tukaweka maganda ya miti ili wajifiche muchana. Mwaka alikamata watatu kwa mikono yake, na hakukata mukia hata mumoja. Maji aliyarusha kwa vidole juu ya mbao, maana mujusi hajali kisahani, analamba matone.

Siku ya tatu alicheka. Nilimusikia kwa masikio yangu, Fanwell.

Siku ya sita asubuhi tuliwakuta wote watatu chini, wamekauka, ngozi imekunjamana. Sikuelewa. Nikapitisha kidole kwenye mbao, nikakilamba. Chumvi. Ile ya miaka yote ilikuwa imeingia ndani ya mbao, na kila tone walilolamba lilikuwa chumvi. Mimi niliyekulia katika chumvi sikuifikiria. Nimewaua kwa mikono yangu.

Mwaka alikuwa nyuma yangu. Kwa woga nikamuambia, wamelala tu, mwanangu, tuwaache wapumzike. Akaniangalia, na hapo ndipo akasema, sauti inakwaruza: "Baba naye alisema mama amelala."

Sikujua kwamba ndivyo ulivyomuambia. Sikulaumu, na mimi nimesema neno lilelile, tena upesi. Lakini miezi mitano mutoto huyu amekaa hapa akingoja mama yake aamke. Nilijaribu kumuambia ukweli siku ile, ulimi ukakataa.

Aliwafunga katika kitambaa, akachimba mwenyewe nyuma ya chanja cha samaki. Bwana Sampa alivua kofia. Tulikaa chini kama tunavyokaa kilioni, mpaka yeye aliposimama. Tangu hapo amenyamaza tena. Mijusi wengine wanatoka jioni kama kawaida, na yeye anageuza uso. Mimi nimeishiwa, ndugu yangu. Sijui nimufanyie nini tena.

Nisalimie Chabu na muke wake, na Watson huko kambi ya wafanyakazi. Bwana Sampa anakusalimia, na Mubanga pia, pamoja na mudomo wake. Mungu akulinde kazini, akufungulie na njia ya kuja huku, kwa sababu ndiyo ninayoomba sasa.

Kabla ya kufunga barua nilimuuliza Mwaka nikuandikie salamu gani kutoka kwake. Aliangalia karatasi hii. Kisha akasema: "Aje aseme mama yuko wapi." Nimeandika kama alivyosema.

Wako akupendaye,
dada yako mukubwa,
Eness