Makala Yako na Mihogo ya Mama

Mjukuu wangu Mado,

Jambo sana kutoka Lubumbashi. Tuko wazima; kiti cha babu yako bado kiko mlangoni. Unauliza kama uendelee kuchunguza kansa iliyomchukua, maana makala yako imesomwa na wachache.

Nilipokuwa msichana, Mama aliwagawia majirani vijiti vya kupanda vya mihogo yake myekundu. Mwaka mmoja ugonjwa ukaiua yote shambani kwetu. Tukaenda Kasungami kuomba mbegu, na mwanamke tusiyemjua akatukatia vijiti vyekundu vilevile.

“Hii ulitoa wapi?” Mama akamuuliza.

“Kwa shemeji. Naye alipewa. Mwenyewe simujui, mama, lakini iko muzuri!”

Njiani Mama alicheka: “Mihogo hii jina langu imesahau, njia ya kwetu imekumbuka!”

Endelea, mjukuu wangu; wachache hao nao wana majirani. Ukija, kalia kiti cha babu unisomee makala.

Bibi yako