Kiitaliano nilichomuchagulia Furaha

Mama, Furaha anaenda Italia, na ni mimi niliyemutuma kule kwa kinywa changu.

Unisamehe, nimeandika hayo mbele ya kukuuliza namna muliamuka. Mugongo wako unasemaje na baridi ya Kibumba? Papa anakohoa bado? Sisi huku Keshero tunapumua.

Sikia sasa. Mujukuu wako ndiye wa kwanza kati ya wasichana wote wanaojifunza utawa. Si mimi ninayesema, ni mama mukubwa wa watawa. Akamwambia achague luga, Kiespanyole ao Kiitaliano, kisha atatumwa kwa wenye ile luga. Mutoto akajibu kwamba ataongea kwanza na mama yake. Akakuja, tukaketi tukichambua majani ya sombe, akasema anapenda Kiespanyole. Sikumuuliza sababu. Nikamwambia Italia ndiko Roma, ndiko kwa Baba Mutakatifu. Ukweli, Mama, nilikuwa nimekwisha kujivuna kwa wamama wa kwaya kwamba mutoto wangu ataenda kusali Roma. Ningerudi kwao na Kiespanyole, uso ningeuweka wapi?

Akasema tu, "Ndiyo, mama."

Juzi nikavaa kikwembe kipya, nikaenda kushukuru kwa mama mukubwa. Ndipo akanieleza. Wa Kiespanyole wanasoma miaka miwili, wanarudi kufundisha hapa kwetu. Wa Kiitaliano wanabaki kule kutunza wazee, miaka kumi ndipo wanapewa ruhusa ya kuona nyumbani. Nikamuuliza kama mutoto alijua.

"Alijua. Alisema mama yake amekwisha kuchagua."

Nilimuomba abadilishe. Majina yamekwisha kwenda. Asubuhi Furaha anafagia akikariri Kiitaliano chake, majirani wanasimama kusikiliza, na mimi bado ninawaambia, munaona mutoto wangu? Kisha ninaingia ndani, ninalia.

Miaka kumi, Mama. Wewe na Papa, na umri wenu huo. Siwezi kumaliza.

Unisalimie dada mukubwa anayewalimia viazi, na mulamu wangu, bwana yake muchunga ng'ombe. Wote wakuje. Mukodi moto mbili, zile pikipiki, kama barabara imeharibika, Papa akae katikati, asianguke. Kila siku mutoto ananiuliza kama mutafika.

Ni mimi binti yenu, Mama Furaha. Misa ya kumuaga ni Jumapili ya Matawi.